Jina la Mselem Katika Kalenda ya Wahungari

Jumapili ya tarehe ishirini na tano Agosti, mwaka 2002, saa nane kasorobo mchana, mzee Lajos alikuwa akipanga viti vya plastiki mbele ya kituo cha redio ya jamii kule Alief, upande wa kusini-magharibi wa Houston. Alipanga viti kumi na kimoja. Kituo kilibanwa katikati ya saluni ya kucha na duka la matairi, na jua la siku ile lilikuwa limelainisha lami hata miguu ya viti ikawa inazama kidogo. Ndani, juu ya jiko la umeme lenye plagi moja mbovu, ilitokota sufuria ya gulyás, supu yao ya nyama yenye pilipili nyekundu isiyowasha.

Nahla alimshika mkono Bibi Etelka akamtoa garini taratibu, mguu wa kulia kwanza. Alimjua tangu bibi huyo alipovunjika nyonga akalazwa miezi miwili katika nyumba ya wazee ya Sugar Land, ambako Nahla alifanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha. Nyonga ilipopona, bibi alirudi kwake, na Nahla akaendelea kumleta redioni kila Jumapili. Hakuna aliyemtuma. Kwao Mombasa mtu mzima haachwi apande basi peke yake.

Wahungari walikuwa na saa moja kwa wiki, saa nane mpaka saa tisa, na walikuwa wameiendesha kwa kujitolea tangu mwaka 1979. Etelka, aliyekuwa mshonaji, alisoma. Lajos, aliyekuwa fundi wa lifti, alikaa kwenye mitambo. Katika kalenda yao kila siku ya mwaka ina majina yake, na mwenye jina hupongezwa siku hiyo kuliko hata siku aliyozaliwa. Siku ile ilikuwa ya akina Lajos. Etelka alisogeza kipaza sauti, akasoma kwamba Lajos wa mji wa Debrecen anasalimiwa na dada yake aliyeko Texas. Alipomaliza sentensi, Lajos wa Debrecen alikuwa amekaa kwenye kiti cha kwanza, amevaa ndala, na mswaki mdomoni.

Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Aliyesalimiwa hewani kwa jina lake kamili alifika, akala, akazungumza na nduguze, na saa tisa Lajos alipocheza kanda ya kengele ya kanisa la kijijini kwao, viti vilibaki vitupu na vijiko vingali vimelowa. Mawimbi ya kituo hayakuvuka Sugar Land, na siku za mvua hata huko hayakufika vizuri. Waliosalimiwa walifika kutoka Melbourne na Toronto bila tatizo. Mkuu wa kituo, Placide, Mkongo wa Lubumbashi, alikuwa na lalamiko moja tu.

"Mama Nahla, ambia bale bazee," alisema, "viti vyao vinaziba mulango ya matairi. Patron wa pale anakasirika sana."

Kulikuwa na sheria, na Wahungari waliishika kama dini. Mtu husomwa wiki ya jina lake, basi. Mara moja kwa mwaka. Etelka mwenyewe alikuwa na kaka, Miklós, aliyebaki upande wa pili wa mpaka mwaka 1956 siku ile walipokimbia. Alikuja kila Desemba, saa moja, kwa miaka kumi na tisa. Mwaka wa ishirini walimsoma na kiti kikabaki kitupu. Baada ya wiki mbili ikaja barua ya msiba.

"Saa kumi na tisa," Etelka alimwambia Nahla siku moja, akikunja shali yake. "Ukizijumlisha, hata siku moja nzima haikutimia."

Juma lililofuata siku ya akina Lajos, mume wa Nahla alikamatwa.

Mselem alikuwa dereva wa lori la kupeleka vitanda vya wagonjwa. Alikuwa amekuja Marekani kusoma, karo ikamshinda mwaka wa pili, karatasi zake zikaisha muda, naye akaendelea kuendesha lori kwa sababu wagonjwa walihitaji vitanda. Kule Mesquite, mashariki ya Dallas, polisi alimsimamisha kwa taa moja ya nyuma iliyokufa. Jioni hiyo alikuwa amefungwa katika gereza la wahamiaji, mwendo wa saa nne kutoka Alief. Nahla aliendesha saa nne kwenda, akazungumza naye kwa simu dakika kumi na tano nyuma ya kioo, akaendesha saa nne kurudi, akaingia kazini. Alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa Etelka.

"Msomeni mume wangu," alisema.

Etelka alimpigia Lajos, na Lajos akaja na kalenda kwapani. Aliivaa miwani, akapekua kurasa moja baada ya nyingine.

"Hayumo," alisema. "Nimetazama M zote. Márton yumo. Mátyás yumo. Hata Melitta yumo. Mselem hayumo."

"Jumapili hii ni tarehe ngapi?" Etelka aliuliza.

"Nane Septemba."

"Siku ya nani?"

"Ya Mária."

"Mária ni mama mwenye moyo mkubwa," Etelka alisema. "Atasogea."

"Etelka néni!" Lajos alikuwa na miaka sabini na mmoja, lakini alimwita kwa heshima ile ile ambayo Waswahili humwitia shangazi. "Tukianza na mmoja, kesho kila mtu wa Houston atatuletea jina. Viti nitavitoa wapi? Na Jumapili ijayo utamfanyaje?"

"Nitamsogeza mwingine."

Alichukua kalamu ya wino, akaandika MSELEM chini ya Mária kwa herufi kubwa, akaipulizia ikauke.

Jumapili hiyo Lajos alipanga viti vinane, na kimoja pembeni, kwa shingo upande. Etelka alisoma jina akalivunja mara mbili katikati, lakini lilitosha. Mselem alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, amevaa sare ya buluu ya gereza na kandambili za mpira zilizoandikwa namba. Alitazama viti, akatazama sufuria, kisha akageukia gari la mkewe ambalo lilikuwa bado linanguruma.

"Mama Hadiya," alisema, "mkanda huo wa injini unalia hivyo tangu lini?"

"Tangu uondoke."

"Usi-drive nao highway. Utakukatikia njiani."

Hadiya, binti yao wa miaka sita, alimpandia mapajani. "Baba, you're late," alimwambia.

"Nilishikwa na kazi, mama."

Alikula bakuli mbili. Etelka alikuwa ameipika supu kwa mafuta ya alizeti badala ya mafuta ya nguruwe, wala hakumwambia mtu, na Lajos alinung'unika mchana kutwa kwamba mwaka huu supu haina miguu ya kusimamia. Saa tisa kengele ikalia. Hadiya akabaki amekaa juu ya kiti kitupu. Kule gerezani walihesabu watu saa kumi, na hesabu ilitimia.

Jumapili ya pili alisogezwa Enikő. Jumapili ya tatu alisogezwa Móric, na Etelka alikuwa na kikohozi.

"Msome mwenyewe," alimwambia Nahla. "Soma kwa lugha yenu. Mimi jina lake linanitoka kama mfupa."

Nahla hakuwahi kukaa mbele ya kipaza sauti, lakini kazi yenyewe aliijua. Kwao Mombasa alikuwa msichana wa kadi za salamu. Alinunua kadi kwa posho ya shule, akaandika majina kwa mwandiko wa nakshi, akasubiri redioni zisomwe, na hakuna kadi aliyoituma bila ubeti. Alimwandikia Mselem kadi namna ile ile, akanyoosha mgongo, akasoma:

*Salamu nakuletea, mume wangu wa heshima,*
*Ulipo hapo pokea, usijione yatima.*

Kisha akaendelea kwa sauti ya kadi: yeye ni Nahla binti Swafwani, yuko Alief, anamsalimu mumewe Mselem, anamsalimu na mama mkwe. Akamalizia kama ambavyo kila kadi humalizika pwani nzima, kwa maneno ambayo mtu huyasema bila kuyafikiria, kama anavyosema amina.

"Na salamu hizi ziwafikie wengine wote wanaomfahamu."

Lajos, aliyekuwa akichungulia dirishani, aliondoa mkono kwenye mitambo.

"Viti havitoshi," alisema.

Maegesho yalikuwa yamejaa mpaka barabarani. Walikuwepo wanafunzi wenzake wa Mombasa, wengine na vipara sasa. Walikuwepo wapakizi wa ghala la vitanda, na wauguzi waliopokea vitanda hivyo katika hospitali za Dallas na Fort Worth, na glavu zao mikononi. Jirani aliyeazima ngazi yao tangu mwaka juzi alijibanza nyuma ya lori lililoegeshwa pale. Mama yake Mselem, aliyekuwa ameshapanda kitandani kule Kibokoni, Mombasa, alisimama katikati ya watu na kanga moja na tasbihi.

"Hata hukunambia nijitande, Nahla!" alisema. "Umenitoa mbele za watu hivi?"

"Nisamehe, mama. Kadi iliniteleza."

Mwenye duka la matairi alitoka, akatazama, akarudi ndani akafunga mlango. Placide alitembea katikati ya watu akiwaomba wasikanyage waya.

Na chini ya bango la saluni alisimama mwanamume mrefu, kitambaa cha karatasi shingoni na ubavu wa nyama choma mkononi. Alikuwa afisa wa idara iliyomfunga Mselem. Mselem alimfahamu kwa uso. Yeye alimfahamu Mselem kwa namba, na namba ilikuwa imetosha kumleta. Alifuta vidole kimoja kimoja, akasogea.

"Ulitokea mlango gani?" alimuuliza.

"Sikutokea mlango. Niliitwa."

Afisa alikuwa na daftari dogo mfukoni. Aliandika kwamba hapakuwa na mlango.

Nahla alitoka studio akamkabili. Alikuwa mfupi, na alilazimika kuinua uso kama anayetazama paa.

"Mnamrudisha kwao kwa kosa gani?"

"Si kosa, mama. Ni faili. Faili linasema hana mtu."

"Linasema wapi?"

"Kuna kisanduku. Watu wanaomfahamu nchini humu. Kimeandikwa: hakuna."

Nahla aligeuka. Wapakizi walikuwa wamemzunguka Mselem wakimpigapiga mgongoni. Muuguzi mmoja, Kerubo, alikuwa akimwambia mwenzake kwamba huyu ndiye yule aliyekuwa akibeba kitanda mpaka wodini ilhali kazi yake iliishia mlangoni.

"Hawa hapa," Nahla alisema.

"Nawaona," afisa alijibu, na kweli aliwaona. "Lakini fomu ina mistari mitatu. Wajaze, watie saini mbele ya mwanasheria, siku ya kazi."

"Leo wako mia mbili."

"Leo ni Jumapili."

Kengele ililia, na maegesho yakawa meupe. Jumatatu Kerubo aliomba ruhusa kazini, akaja kutoka Fort Worth pamoja na wapakizi wawili, safari hii kwa barabara. Walitia saini mbele ya mwanasheria. Nahla alizipeleka fomu ofisini mwenyewe, na karani akampa risiti na maelezo kwamba muda wa kujaza kisanduku kile ulipita Ijumaa. Tarehe mbili Oktoba Mselem alipandishwa ndege. Tarehe tatu alikuwa Mombasa, mashavu yamemwingia ndani, mama yake akimpikia uji.

Jumapili tarehe sita, Lajos alipanga viti. Safari hii hakunung'unika. Kalenda ilisema siku ya Brúnó, na Brúnó alisogea. Nahla alisoma, akaacha maneno ya mwisho ya kadi, na Mselem alikuwa kitini na kikoi, nywele zimelowa, miguu mitupu juu ya lami. Mombasa ilikuwa saa nne usiku na alikuwa ametoka kuoga.

Dakika tano baadaye gari jeupe liliingia, na afisa akashuka. Hakuna aliyemsalimu hewani. Alikuja kwa petroli. Alikuwa na fomu mpya, na kwa kuwa Etelka hakuona sababu ya mgeni kusimama, alipewa kiti na bakuli.

"Aliyerudishwa kwao hupigwa marufuku miaka kumi," alieleza. "Inahesabiwa tangu siku ya mwisho aliyokanyaga ardhi hii." Aliitazama miguu ya Mselem. "Kwa hiyo inaanza leo."

"Ilianza Jumatano," Nahla alisema.

"Ilikuwa imeanza Jumatano."

"Na akija Jumapili ijayo?"

"Itaanza Jumapili ijayo."

Lajos aliweka kijiko chini. "Na mtu akikaa kitini, miguu akaiinua?"

Afisa alilifikiria swali hilo kwa haki kabisa. "Kiti kinakanyaga," alisema.

Alimpa Mselem kalamu, Mselem akatia saini. Afisa alikula akamaliza, akashukuru, akauliza kama ile ni paprika. Alipoondoka, Mselem alimvuta mkewe pembeni.

"Usinisome tena," alisema.

"Kwa nini?"

"Hesabu mwenyewe. Ukinyamaza miaka kumi, narudi kwa mlango, na pasipoti mkononi, kama mwanamume. Ukinisoma kila Jumapili, sirudi mpaka nife."

"Miaka kumi Hadiya atakuwa na kumi na sita. Atakuja kukupokea uwanjani ameshika karatasi yenye jina lako, kama dereva wa hoteli."

"Nahla, sikiliza. Mimi najua kungoja."

"Nimeshasikia."

Wiki nzima aliichukua hesabu ile kazini akaigeuza huku na huku. Aliwaogesha wazee, akawavisha, na kila aliyemvisha alimuuliza, wewe ungefanyaje? Mmoja alisema angengoja. Wawili walisema walingoja. Etelka hakuulizwa, ila Alhamisi alimwita Nahla nyumbani akamwonyesha kalenda. Alikuwa ameandika MSELEM kwenye kila Jumapili iliyobaki ya mwaka, kwa wino, akawa ameagiza na kalenda ya mwaka unaofuata.

"Kuandika si kusoma," bibi alisema. "Kusoma ni juu yako."

Jumapili ilipofika, Wahungari walisoma majina yao, na wageni wao wakafika. Saa nane na robo Lajos alimfungulia Nahla kipaza sauti. Taa nyekundu iliwaka. Nje, Hadiya alikuwa amekaa kando ya kiti cha baba yake, na gari jeupe lilikuwa limeshaegeshwa, kwa sababu idara ilikuwa imeiweka ile kazi kwenye ratiba.

Nahla aliitazama kadi na asiseme neno. Redioni ukimya ni jambo baya kuliko tusi, na Placide aligonga kioo mara mbili. Nahla hakugeuka. Alikuwa ameona kitu, na alitaka akione chote. Walipomfunga Mselem walihitaji kuta, walinzi, funguo, chakula, magodoro. Walipompeleka Mombasa walihitaji ndege. Sasa hawakuhitaji chochote. Wakimtaka asiguse ardhi hii miaka kumi, ilitosha Nahla afumbe mdomo wake. Yeye ndiye angekuwa mlinzi, na bila mshahara.

Alikivuta kipaza sauti karibu.

"Mselem bin Abdulhafidh, wa Kibokoni, Mombasa," alisema. "Mkeo anakusalimu."

Mselem alikuwa kitini. Hakuwa na furaha. Alimtazama mkewe kupitia dirishani, akainua mikono kumuuliza, na Nahla akatoka nje na kadi mkononi.

"Nilikwambia nini?" Mselem alisema.

"Uliniambia nikufungie mlango. Sifungi. Wakitaka kuufunga, waufunge wao, kwa mikono yao, kila Jumapili, waje mpaka Alief waufunge huku namwona usoni anayeufunga."

"Na miaka kumi yangu?"

"Miaka kumi yako wameishika wao. Mimi nakupa saa moja." Alipumua. "Na ya pili naitaka kwa Placide."

Placide alikuwa mlangoni akikunja waya. Etelka alikuwa amemfundisha Nahla jinsi ya kuomba: usiombe, mtajie saa unayoitaka.

"Saa tisa mpaka saa kumi," Nahla alisema. "Kiswahili. Kuanzia leo."

"Mama, ile saa iko ya muziki tupu," Placide alisema. "Hakuna mutu anaisikiliza."

"Ndiyo maana naitaka."

Placide aliwaza juu ya viti, akawaza juu ya mwenye duka la matairi, akasema sawa, lakini kengele ya kanisa asiipige ila saa kumi. Lajos alimketisha Nahla kwenye mitambo, akamwonyesha kitufe cha kupandisha na cha kushusha, akampiga kofi dogo la mkono alipokosea. Watu wa Alief waliokuwa wakipita na mifuko ya sokoni walisikia Kiswahili redioni, na kabla ya nusu saa walikuwa wanne mlangoni, kila mmoja na jina kwenye kipande cha karatasi. Mmoja, Kamugisha, alitaka asomewe mke aliyekuwa Bukoba. Aliambiwa akalete kiti.

Nje, afisa alichota kijiko cha supu, akatazama saa yake, akafungua fomu. Aliandika tarehe ya siku ile, na chini yake akaandika miaka kumi kuanzia leo, kwa mwandiko mzuri wa taratibu. Mselem alimshikia bakuli lisimwagikie karatasi, akatia saini kwa mkono mwingine, kisha akamgeukia Hadiya, aliyekuwa amengoja na kitabu chake cha hesabu wazi kwenye ukurasa wa kugawanya.